Mashine Iliyonyamaza Saa ya Rukundo

Kwanza kabisa, acheni kuipiga. Nimemwona kijana mmoja hapa mjini Baraka, tena amesoma informatique, anaipiga kompyuta kofi la mgongoni kama anamtoa mtoto mwiba wa samaki kooni. Mashine ikiganda haijapaliwa. Imefika mwisho wa kitu fulani, na kazi yako wewe fundi ni kujua ni mwisho wa nini.

Mimi mpaka leo naitwa Mama Dactylo, ingawa mashine yangu ya mwisho ya kupiga chapa sasa kuku wanaitagia mayai nyuma ya nyumba. Nilianza kwa kupiga chapa barua za watu katika secrétariat moja karibu na soko. Kompyuta zilipokuja wenzangu waliziogopa, mimi nikafungua kifuniko nione kuna nini ndani. Sikufunga tena. Sasa macho yamesema basi, nyonga nayo imeunga mkono, nimestaafu. Lakini bado mnagonga mlango wangu: "Mama Dactylo, mashini imechoka." Leo nataka niwaambie habari ya neno hilo, maana lilibaki kidogo limharibie mtu maisha.

Hapa kwetu kila kitu kinachoka. Groupe, ile jenereta inayotuletea umeme, inachoka. Pikipiki inayotoka Misisi na matope yake inachoka. Na dawa ni moja kwa vyote: zima, pumzisha, washa. Msidhani nacheka. Dawa hiyo mara nyingi inaponya, na ubaya wake ndio huo. Ukiponya bila kujua ugonjwa ulikuwa nini, kesho utaamka mjinga kuliko jana.

Na chungeni midomo yenu mbele ya mteja. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliniletea kompyuta yake ndogo. Nikaitazama, nikamwambia bila kuinua kichwa, "Mutoto wangu, mémoire yako inavuja." Eh! Kwangu mimi mémoire ni ile kumbukumbu ya mashine inayofanyia kazi. Kwake yeye mémoire ni kile kitabu anachoandika ili apewe diplome. Alitoka mbio bila viatu kwenda kumtafuta mwenzake aliyedhani amemwibia, na kabla sijamfikia walikuwa wameshikana mashati mbele ya duka la dawa. Tangu siku hiyo nasema kwanza "mémoire ya mashini," halafu naendelea.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Etabo, Mungu amlaze. Mtu wa maneno machache, na hayo machache yote makali. Ukimletea mashine mgonjwa ukanyoosha mkono kuigusa, anakukemea: "Kalia mikono!" Na si maneno tu, unakaa kweli juu ya mikono yako, kwenye benchi, unaitazama mashine. Inafanya nini ikiwa haijaguswa? Nini kinapanda, nini kinashuka? Nilimchukia kwa benchi lile. Swali lake la kwanza kwa mteja lilikuwa moja daima: "Iliwashwa saa ngapi?" Hakuuliza inaumwa nini. Wateja walimwona mzee amechanganyikiwa.

Sasa sikilizeni habari ya radio.

Pale kwenye radio yetu ya jamii palikuwa na watu wawili ninaowapenda. Wa kwanza Wilondja, fundi wa mitambo, Mubembe mwenzangu, mtu mpole ambaye akikanyaga kuku anaomba msamaha. Wa pili Rukundo, Munyamulenge wa kule milimani Minembwe, mtangazaji. Kila jioni, jua likianza kuinama, Rukundo alikuwa na kipindi cha salamu na matangazo kwa watu wa milimani. Ng'ombe wa fulani amepotea, ana baka jeupe. Mama fulani ateremke, mtoto wake anaumwa hapa shuleni. Fulani amejifungua salama. Huko juu simu zinashika siku zikipenda, kwa hiyo kipindi kile ndicho kilikuwa simu yao.

Hao wawili walikuwa wanakula pamoja. Rukundo alipopata mtoto, mke wa Wilondja alimpelekea bugali na ndakala kwenye sahani yake nzuri ya bati. Rukundo alikuwa akisema kwao hawakuzoea samaki, lakini ndakala zile alizimaliza mpaka vichwa. Ikumbukeni sahani hiyo.

Zamani radio iliendeshwa na groupe. Adhuhuri groupe ilizimwa ipumzike, kila kitu kikazimika nayo, halafu mchana ikawashwa tena. Baadaye wakapata umeme wa jua, na betri kubwa. Furaha! Tangu alfajiri mpaka usiku, hewani bila kukata. Na hapo ndipo taabu ilipoanza. Kompyuta ya studio, ambayo kila sauti ilipitia kwake, nyimbo, habari, hata mikrofoni, ikaanza kuganda jioni. Panya wa kompyuta hasogei, saa ya kwenye kioo imesimama, na redioni kimya; mpaka izimwe na kuwashwa upya, kipindi kimekwisha. Na jioni ni kipindi cha nani? Cha Rukundo.

Siku ya kwanza watu walisema mashine imechoka. Siku ya pili wakasema jua ndilo linaichosha. Baada ya hapo hawakusema mashine tena. Walisema, "Mbona inachoka saa ya Rukundo tu?"

Ninyi mmezaliwa hapa, sina haja ya kuwaeleza neno kama hilo linavyotembea katika Fizi yetu hii ya ugomvi wa Wabembe na Wanyamulenge. Milimani wakasema Wabembe wanamkata mtu wao. Huku chini wengine wakasema kama anakatwa basi anastahili. Mama mmoja kule juu hakusikia tangazo la mtoto wake mgonjwa, akachelewa kuteremka, akamkuta amelazwa hoi. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini habari ile ilishuka mlimani ikiwa na hasira. Rukundo akaacha kumsalimu Wilondja. Na Wilondja, ambaye ndiye anashika vitufe vyote, akawa anatembea ameinamisha kichwa njiani kama mwizi.

Mkurugenzi wa radio, tuliyemwita Directeur, akaniita. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebanwa. Aliniambia:

"Mama Dactylo, balikuya mafundi wengine, asubuyi, bakaangalia. Banasema mashini iko muzima. Sasa Jumamosi kamati inakaa. Kama mashini iko muzima, basi ni muntu. Na muntu ni Wilondja. Ataenda, na sijuwe kama ataenda vizuri."

Alivyosema "vizuri" nilielewa. Kufukuzwa kazi ni jambo moja. Kufukuzwa kazi huku watu wanasema umewafungia mdomo majirani zako, hilo linakufuata mpaka nyumbani kwako.

Wilondja nilimkuta nje, amekaa kwenye tairi. "Mama," akasema, "mi sikumukata ata siku moya. Mungu iko anaona."

"Mungu anaona," nikamjibu, "lakini kamati haimwoni Mungu. Iliwashwa saa ngapi?"

"Nini?"

"Mashini, baba! Iliwashwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja ya asubuyi. Kila siku."

Na wale mafundi walikuja asubuhi. Unaona? Walimpima mtu homa kabla homa haijapanda, wakamwandikia mzima. Niliwakasirikia kweli, lakini kidogo tu, maana bila Etabo mimi nami ningefanya hivyohivyo.

Kesho yake nikaenda alfajiri, nikavuta kiti mbele ya kompyuta, nikakalia mikono. Wasichana wa studio walicheka. Nilifungua lile dirisha linaloonyesha kila programu inakula mémoire kiasi gani. Asubuhi, nafasi tele. Saa zikaenda, nyimbo zikapigwa, matangazo ya vifo yakasomwa, na ule mstari wa mémoire ukawa unapanda. Hauruki, unapanda polepole kama maji kwenye mtumbwi wenye tundu dogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa hapa ndipo vijana mnapopotea, kwa hiyo tegeni sikio. Mnaona mémoire inajaa, mnamkamata mlaji mkubwa anayeonekana kwenye orodha, mnamfuta. Mimi nilijumlisha programu zote kwa kichwa. Hazikula hata nusu ya kilicholiwa! Nikafunga ile ya nyimbo. Mémoire haikurudi. Nikafunga nyingine. Haikurudi. Basi mlaji hakuwa mezani, alikuwa chini ya meza.

Chini ya meza wanakaa wale tunaowaita pilote. Pilote ni programu ndogo inayoiwezesha mashine kuongea na kifaa chake: printer ina yake, kioo kina yake, kisanduku cha sauti kina yake. Hazionekani kwenye orodha ya kawaida. Pilote anaazima mémoire kwa mashine, anafanya kazi, anarudisha. Pilote mbovu anaazima, anafanya kazi, anasahau. Punde si punde anaazima nyingine. Mpaka mashine ikose pa kuweka kidole, igande. Ukizima na kuwasha, madeni yote yanafutwa, kila mtu anaanza upya akiwa malaika.

Mmeelewa sasa? Groupe ndiyo iliyokuwa ikituficha! Kila adhuhuri ilipopumzishwa, ilimfutia pilote makosa yake kabla hajaijaza mashine. Ugonjwa ulikuwepo tangu zamani. Umeme wa jua haukuleta ugonjwa, ulinyima tu mashine usingizi wa mchana. Nilipofikiria hilo nilipiga paja nikasema kwa sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako!" na Wilondja akashtuka akadhani namsema yeye.

Lakini pilote ni wengi. Nani kati yao? Etabo alikuwa amenipa kwenye CD programu moja ndogo, isiyo na picha wala rangi, akaniambia, "Siku moja utaililia." Inaonyesha jambo hili: kila pilote anapoazima mémoire, kile alichoazima kinawekwa alama ya herufi nne. Nikaifungua. Alama nyingi zilikuwa zinapanda na kushuka, kupanda na kushuka, wakopaji waaminifu. Moja ilikuwa inapanda tu. Nikaitafuta alama hiyo ndani ya mafaili ya pilote, moja baada ya jingine, nikaikuta kwenye pilote wa kile kisanduku cha sauti kinachoshika mikrofoni na kupitisha nyimbo. Nilisikia joto limepanda mpaka masikioni. Nilitaka kucheza.

Nikamweleza Directeur. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akakuna kidevu.

"Mi nakuamini, Mama. Lakini herufi ine hazitasimama mbele ya kamati. Tena we ni Mubembe. Batasema unamuficha ndugu yako."

Alisema kweli, na iliniuma. Ukweli ulioko kwenye kioo cha kompyuta ni wangu mimi na kioo. Kamati ilihitaji kuona kwa macho yao. Nikafikiri, nikasema: basi ugonjwa tuuhamishe saa. Ijumaa usiku radio ikifunga, mashine izimwe iwashwe upya, halafu iachwe ikicheza nyimbo za kwaya mpaka asubuhi, lakini antena imefungwa tusiwakeshe watu. Nilihesabu kwa vidole: itajaa asubuhi, saa ya kipindi cha wavuvi. Directeur mwenyewe afunge mlango, alale na ufunguo.

Jumamosi kamati ikakaa uani, kwenye viti vya plastiki. Rukundo upande mmoja, na wazee wawili waliotoka milimani. Wilondja nikamkalisha katikati ya watu, mikono juu ya meza. Redio ndogo tukaiweka mbele yetu. Directeur akaenda kufungua studio na antena, akabonyeza yeye mwenyewe kipindi cha wavuvi kilichorekodiwa, akarudi akakaa.

Kipindi kikaanza. Mzungumzaji alikuwa mjomba wa Wilondja, mvuvi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Anaonya habari ya upepo, anawasema wanaotumia nyavu za matundu madogo. Anasema, anasema, anasema. Moyo wangu, Yesu wangu! Kama nimehesabu vibaya nimemzika Wilondja kwa mikono yangu. Mjomba akafika penye utani wake, akacheka, akasema, "Na weye unayeiba nyavu za mwenzako, jina lako ni—"

Kimya.

Watu wote wakamgeukia Wilondja. Mikono yake ilikuwa juu ya meza.

"Huyu amejikatia mjomba wake?" akauliza mzee mmoja wa milimani, polepole.

Ndipo nikasimama nikawaeleza, na sikutumia neno hata moja la kompyuta. Nikasema, "Bamama, matanga ikiwa kwa jirani, sahani zinatoka wapi?" Wakasema, kwa kila nyumba. "Na mnajuaje ya nani ni ipi?" Wakacheka. Kila mwanamke wa Baraka anajua: unapaka alama chini ya sahani kwa vernis ya kucha, nyekundu, au msalaba, au herufi ya jina. "Basi ndani ya mashini iko jirani anayeazima sahani kila saa, harudishi ata moya. Jioni jikoni haina sahani, watu hawali. Mkamulaumu aliyekuja kula jioni, na aliyepakua. Mimi nimegeuza sahani zote chini juu, nimesoma alama. Jirani huyu haitwi Wilondja. Haitwi Rukundo. Anaitwa pilote wa kisanduku cha sauti."

Mama mmoja wa kamati akapiga makofi. "Aa! Kumbe ni sawa mukwe wangu!" Watu wakaangua kicheko, na hasira iliyokuwa imekaa pale tangu asubuhi ikapungua.

Kutengeneza kwenyewe kulikuwa kazi ndogo, na ninyi ndio mnaoipenda kuliko kutafuta. Nilitafuta pilote mpya wa kisanduku kile kwa simu, akashuka kwa mtandao wa Baraka kama mnavyoujua, nusu siku. Msimweke mpya juu ya wa zamani! Mtoe wa zamani na mizizi yake, washa upya, ndipo umweke mpya. Na wa zamani mhifadhi pembeni, maana mpya naye anaweza kuwa mwizi zaidi. Halafu rudi kwenye kiti, kalia mikono tena siku nzima. Fundi anayeondoka kabla ya kuona mstari umelala hajatengeneza kitu. Mstari ulilala. Alama ile ya herufi nne ikawa inapanda na kushuka kama nyingine.

Jioni Rukundo akaingia hewani. Akasoma salamu, akasoma ng'ombe, akasoma wagonjwa. Mimi na Wilondja tuko upande wa pili wa kioo cha studio. Kipindi kikafika mwisho wake, na Rukundo akanyamaza.

Kimya kabisa. Nikatupa jicho kwenye kompyuta, nikadhani nimekufa. Saa ilikuwa inatembea. Mstari umelala. Mashine mzima! Nikamtazama Rukundo: alikuwa amekodoa macho kwenye mikrofoni. Tangu umeme wa jua uje hakuwahi kufika mwisho wa kipindi chake, na maneno ya kufungia yalikuwa yamempotea.

Wilondja akagonga kioo. Akamfanyia ishara kwa mkono: sema! Sema kitu!

Rukundo akaacha Kinyamulenge chake, akasema kwa Kiswahili ili wa juu na wa chini wote wasikie: "Munayenisikia, mutu anayenipitisha kwenye hewa kila siku anaitwa Wilondja. Mi nilimufikiria mubaya. Hakunikata. Mulale salama."

Wilondja akafunga mitambo taratibu, kitufe kwa kitufe, amenipa mgongo. Sikumtazama usoni.

Asubuhi yake nilipita kuchukua CD yangu. Rukundo alikuja na sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa, ile ya bugali na ndakala, iliyokuwa imekaa kwake muda wote wa ugomvi. Sahani ya mtu hairudi tupu, hata milimani wanajua hivyo: ndani yake palikuwa na jibini la Minembwe, kipande kizima. Wilondja akaipokea, akaliinua jibini kwa mkono mmoja, akaigeuza sahani chini juu. Alama nyekundu ya mke wake ilikuwa palepale.

"Njo yenyewe, sahani yetu," akasema, na akamkatia Rukundo kipande cha kwanza.